Pafu la Baba Pendo

Jumapili, 12 Mei

Leo nimemrudisha mume wangu nyumbani Shelui. Siku kumi na moja tulikuwa hospitali Kiomboi, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja, maana kichwa kimejaa, na nikimsimulia jirani, kesho stendi nzima itajua.

Ilikuwa hivi. Baba Pendo alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hakubeba kitu, hakuanguka, hakugombana na mtu. Akasema, "Mama Pendo, kuna kitu kimenichoma hapa," akashika ubavu wa kulia, na pumzi ikakataa. Picha ikaonyesha pafu moja limesinyaa. Daktari alitueleza kwamba hewa imevuja kutoka kwenye pafu, imekaa nje yake na inalibana, kwa hiyo haliwezi kufunguka. Akasema huwapata sana wanaume warefu wembamba. Nikamtazama mume wangu, miguu imepita mwisho wa kitanda. Wakamtoboa ubavuni, wakapitisha mrija, mwisho wa mrija wakautia kwenye chupa ya maji. Siku nne nilikaa natazama mapovu kwenye ile chupa. Siku yalipokoma nililia mpaka nesi akaniuliza nimefiwa na nani.

Leo asubuhi, kabla ya kuturuhusu, daktari akatusomea masharti. Asipande ndege kwa sasa. Asizame majini na mtungi wa hewa maisha yake yote. Asipulize tarumbeta. Asipande yale mabembea ya kasi ya kwenye maonyesho. Asibebe mizigo. Asivute sigara. Kila sharti Baba Pendo aliitikia, "Ndiyo, Dokta." Ndege! Sisi na ndege wapi na wapi?

Kisha daktari akauliza, "Kazi yako?"

"Mkulima," akasema Baba Pendo.

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Huku kwetu kila mtu akiulizwa kazi ofisini anasema mkulima, hata kama ni fundi wa redio. Ni kweli tuna ekari tatu za alizeti. Lakini mume wangu ni mrina asali. Ana mizinga tisa juu ya miti, tangu ujana wake anapanda na kamba na kuvuta moshi. Yeye analijua hilo na mimi nalijua. Daktari akaandika *mkulima*, tukaondoka.

Kwenye basi, tunateremka mlima, akaniambia polepole, "Umesikia? Hakutaja mti."

Nikajifanya nahesabu chenji.

Nimempima kwa tepu yangu ya kushonea. Kifua inchi 35. Akivuta pumzi, 35 na nusu. Nitampima kila Jumapili.

Jumanne, 14 Mei

Amekula ugali na mlenda, akaongeza. Nimeshona sare tatu.

Jumapili, 19 Mei

Kifua 35, akivuta pumzi 36. Nimemkuta ameshika ndoo ya maji ya lita kumi. Nimempigia kelele mpaka kuku wamekimbia. Akaiweka chini, akasema, "Haya mama," kwa sauti ile ya upole inayonifanya nijione mchawi.

Alhamisi, 23 Mei

Mathayo amekuja. Ni mdogo wake Baba Pendo, naye ni mrina. Hata chai haijapoa, akaanza, "Kaka, msimu ndio huu. Mizinga imejaa. Niruhusu nikurinie."

Nilisimamisha cherehani. Kwenye ukoo wao mzinga ni wa mkono unaourina. Ukimruhusu mwenzako apande akurinie, umempa mzinga, hata kama uliuchonga na kuutundika wewe. Na mzinga ukipita msimu mzima bila kurinwa, wa kwanza kupanda anauchukua. Hakuna karatasi wala mjumbe, ila wanalishika hilo kuliko hati ya kiwanja.

"Nitakuletea asali yote hapa," akasema Mathayo. "Tutasema ulirina wewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Baba Pendo.

Mathayo akanywa chai yake, akaaga. Nimemchukia mno. Mtu ana tundu ubavuni halijakauka vizuri, wewe tayari umeanza kuhesabu mizinga yake! Nilimsindikiza kwa macho tu.

Jumapili, 26 Mei

Kifua 35, akivuta 36 na robo. Upepo umeanza.

Jumatano, 5 Juni

Tunavuna alizeti. Nasema tunavuna, lakini yeye namkalisha kivulini na fimbo, afukuze ndege. Pendo amepiga simu kutoka Nduguti anakofundisha. "Shikamoo mama. Baba anaendeleaje?" Nikasema amekuwa bosi, anatazama wenzake wakifanya kazi. Alicheka kule, na Baba Pendo akacheka huku. Halafu akageuka akatazama upande wa korongo. Huko ndiko ulipo mkwaju wenye mzinga wa baba yake. Katika mizinga yote tisa, minane alichonga mwenyewe. Huo wa mkwaju aliutundika marehemu mzee, na wa kwanza kuurina baada ya mzee alikuwa yeye, akiwa na miaka kumi na tisa.

Jumapili, 9 Juni

Akivuta, 36 na nusu. Kwaya ilipoimba kanisani akajisahau akaitikia besi. Nikamkanyaga mguu.

Jumatatu, 17 Juni

Leo ni Idi, na nina jambo la kuungama.

Kwenye uwanja nyuma ya maegesho ya malori pameletwa bembea. Si lile la watoto la kamba na ubao, ni mashine. Viti vimening'inia kwa minyororo, jenereta inanguruma, na likishika kasi viti vinatoka nje na kuruka juu ya vichwa vya watu. Mwenyewe ni Asif, wa ukoo wa wenye maduka kule Singida mjini. Ameandika kwenye ubao: WENYE PRESHA, WAJAWAZITO NA WALIOPASULIWA WASIPANDE.

Nilimtazama mume wangu akisoma. Nilijua tu.

"Mimi sikupasuliwa," akasema. "Nilitobolewa." Akajipanga foleni.

Nikampita mbio mpaka mbele kwa Asif. "Kaka, yule mrefu usimpandishe. Ana pafu!"

"Mama," akasema Asif, "mapafu tunayo wote."

Foleni nzima ikacheka. Nikarudi nikamshika Baba Pendo mkono mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akaniangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama Pendo, mwaka huu kila kitu ni hapana," akasema. "Ndoo, hapana. Jembe, hapana. Hata kuimba unanikanyaga. Hiki ni kiti. Mtu anakaa tu."

"Daktari alikitaja."

Akafikiri. "Kweli," akasema, "hicho alikitaja." Maana mume wangu hasemi uongo hata kama uongo ungemsaidia. Akatoka kwenye foleni. Halafu akasema, "Basi panda wewe. Unisimulie kukoje."

Mimi! Mimi ambaye taa ikiungua namwita jirani, kwa sababu siwezi kusimama juu ya stuli. Lakini uso wake ulikuwa unanisihi, nikavua viatu nikampa, nikampa na kanga yangu, nikakaa kwenye kiti. Wakanifunga mnyororo tumboni. Nilianza kupiga kelele kabla mashine haijawashwa, wanasema.

Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu nilifumba macho na kumwomba Mungu anisamehe yote, pamoja na kitenge cha mke wa mchungaji nilichokikata vibaya nikasema kilikuja hivyo. Mzunguko wa nne nikafumbua. Jamani! Niliona barabara yote mpaka malori yanapoanza kupanda mlima. Niliona mabati ya Shelui, na bati letu lenye kutu. Upepo uliingia mdomoni ukanijaza. Na chini, kila nilipopita, nilimwona mume wangu amesimama na viatu vyangu mkononi, ananitazama.

Nilipanda tena mara ya pili. Ndiyo ungamo lenyewe.

Jioni nimemsimulia yote. Alisikiliza amefumba macho. "Na upepo je?" akauliza. Nikamwambia habari za upepo. "Ndivyo ilivyo kule juu," akasema. "Ndivyo hasa ilivyo."

Jumanne, 18 Juni

Shingo inaniuma. Wateja wananiita Mama Bembea.

Jumapili, 23 Juni

Akivuta, 37. Nimempikia kuku.

Jumapili, 30 Juni

37 tena. Baridi, vumbi, upepo usiku na mchana. Mathayo kaja kusalimia, hakusema lolote juu ya mizinga. Alimtazama tu kaka yake akitembea kwenda bafuni. Nikasema moyoni, anapima.

Jumatatu, 8 Julai. Kiomboi, hospitali

Naandika nimekaa kwenye benchi. Yuko hai. Nianze na hilo.

Juzi Jumamosi mchana aliniambia anakwenda kutazama mabua ya alizeti. Nilikuwa naweka zipu kwenye gauni la bibi harusi, nikaitikia bila kuinua kichwa. Bibi harusi alipokuja kulijaribu, nikaenda stoo kuchukua makaa ya pasi. Nikaona msumari wa ukutani uko mtupu. Ni msumari anaotundika kamba yake ya kurinia.

Nilimwacha bibi harusi amesimama na gauni nusu. Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva korongoni, akasema njia mbaya, nikasema kimbiza. Yule kijana alikimbiza! Tuliruka mashimo, niliuma ulimi, na njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, nimemsimulia upepo mimi mwenyewe, nimemsimulia upepo kwa mdomo wangu.

Alikuwa kwenye mkwaju, juu ya panda ya kwanza, kama mara mbili ya urefu wake kutoka chini. Amelikumbatia shina. Hapandi, hashuki. Kamba imening'inia bure.

"Sostenes!" nikapiga kelele. Tangu Pendo azaliwe sijawahi kumwita jina lake.

Akageuza uso. Ulikuwa wa majivu. "Limechoma," akasema. Halafu, Mungu wangu, akajaribu kutabasamu. "Hakutaja mti."

"Nyamaza. Pumua."

Niliona kabisa kwamba sina la kumsaidia. Mimi niko chini, yeye yuko juu, na mikono yangu haifiki. Nilimpigia Mathayo. Hakuuliza hata swali. Nilisimama nimeinua mikono yote miwili, kama vile angeanguka ningemdaka, mwanaume wa kilo sabini. Nikaanza kuongea. Niliongea upuuzi. Gauni la bibi harusi, zipu, mke wa mchungaji na kitenge chake. Nilimwambia vuta kidogo, toa kidogo, usiangalie chini, niangalie mimi, halafu nikakumbuka mimi ndiye niko chini. Alicheka na kicheko kikamuuma.

Mathayo alifika na ngazi begani, anakimbia nayo. Akapanda, akamfunga kaka yake kiunoni kwa kamba, akamshusha hatua kwa hatua, mgongo kwa kifua, huku anamwambia maneno kwa Kinyiramba, taratibu, maneno ambayo mtu huambiwa na mama yake. Walipofika chini Mathayo alikaa kwenye majani akaficha uso.

"Shemeji," akaniambia tukiwa tunangoja gari, "mimi mizinga siitaki. Nilitaka asipande. Sikujua namna nyingine ya kumwambia asipande."

Na mimi mwezi mzima na nusu nimekuwa nikimtilia chai isiyo na sukari ya kutosha.

Jumatano, 10 Julai

Picha imeonyesha hewa kidogo tu imevuja. Hawakumtoboa. Wamemwekea hewa ya mtungi kwa barakoa, wamemwangalia siku nne, na leo picha ni safi. Daktari ni yule yule. Alikuwa anajaza karatasi.

"Dokta," nikasema, "kuna jambo hatukukwambia. Huyu si mkulima."

Kalamu ikasimama.

"Ni mrina asali. Anapanda miti mirefu, anapuliza moto mpaka ufuke, anavuta ule moshi, anashusha ndoo kwa kamba. Nilikuwa nimekaa hapa hapa na nilinyamaza."

Daktari alimtazama Baba Pendo, Baba Pendo akatazama sakafu. "Mzee wangu," akasema daktari, "na mimi nimekaa hapa nakukataza ndege!"

"Mti ndio ndege yake," nikasema.

Basi akatueleza upya, bila karatasi. Pafu lililosinyaa hurudia, mwaka wa kwanza ndio wa kuogopwa zaidi, na sasa limeshaonyesha dalili. Likirudia tena atampeleka hospitali kubwa wakaligandishe ubavuni. "Likurudie ukiwa nyumbani, watakuleta," akamwambia. "Likurudie ukiwa juu ya mti, utaanguka, na mimi sitakuwa na pafu la kutibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dokta."

Tukapanda basi. Alilala begani kwangu mpaka Shelui.

Jumapili, 14 Julai

Akivuta, 36.

Amemwita Mathayo, akampa mizinga minane. Aliitaja mmoja mmoja, mti kwa mti, na tabia za nyuki wake, wapi wana hasira na wapi wapole. Sauti yake ilikuwa kavu. Mathayo alikuwa analia waziwazi. Wa tisa, ule wa mkwaju, hakuutaja.

Jumatatu, 15 Julai

Hakutoka nje.

Jumanne, 16 Julai

Hakutoka nje. Amekunywa uji nusu kikombe. Nilimwambia anywe kwa ajili yangu, akaniambia, "Nakunywa, mama," akaweka kikombe chini.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemuuliza Mathayo, nikiwa nimesimama mlangoni kwake nisije nikakaa nikaogopa: "Ukoo wenu ulisema mzinga ni wa mkono unaourina. Ulisema mkono wa mwanaume?"

Akakuna kichwa. "Shemeji, hakuna aliyewahi kuuliza."

"Mkono wa nyumba ya Sostenes ni upi?"

Akaanza kucheka. "Wewe unayeogopa stuli?"

"Mimi naitwa Mama Bembea," nikamwambia.

Jumatatu, 22 Julai

Nashona. Nguo ya turubai jepesi, mikono imefungwa kwa lastiki, kofia ya ukindu nimeizungushia chandarua tabaka mbili. Baba Pendo ametoka kitandani kuuliza ni ya nani. Nikasema ya mteja. Akaishika, akasema chandarua kiingie ndani ya kola, la sivyo nyuki watampita mteja shingoni. Nimefumua, nimerudia. Kila jioni nakwenda kwa Mathayo kujifunza kupanda mwembe wake na kamba. Jana nilifika juu.

Jumapili, 28 Julai

Nilijua itanipasa kumwambia, nikamwambia jana asubuhi. Nilivaa ile nguo nikasimama mbele yake.

"Mteja ni mimi."

Alikataa. Alikasirika, mara ya kwanza tangu Mei, na nilifurahi kuona ana nguvu za kukasirika. "Huwezi! Utaanguka! Nyuki hawa si wa kuchezea! Umri wako huu!" Nikamwacha amalize. Nikamwambia, "Basi njoo unielekeze. Ukikaa nyumbani nitapanda bila kuelekezwa." Akachukua kofia yake.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika korongoni. Mathayo akawasha maganda ya mti ndani ya kopo lenye matundu. Nikamwambia mume wangu asimame upande upepo unakotoka, mbali na moshi, akatii. Mathayo akanifunga kiunoni, akapitisha kamba juu ya tawi, akaishika mwisho wake.

Nilipanda. Ngazi mpaka panda ya kwanza, pale alipokwama yeye, na pale nikalikumbatia shina kama alivyolikumbatia. Nikasikia sauti yake kutoka chini: "Mguu wa kushoto, kuna kinundu. Hicho hicho. Sasa mkono wa kulia, juu zaidi, usiangalie." Kila kinundu cha mti ule anakijua. Nikafika. Nikavuta kopo juu, nikapuliza moshi, nikafungua mfuniko wa mzinga. Sauti ya nyuki ilinijaa kichwani. Nilikata masega kama alivyonielekeza, nikawaachia yenye majana, watoto wa nyuki, nikashusha ndoo ya kwanza, nikashusha ya pili. Mmoja alipita kwenye chandarua akanichoma mdomo wa juu. Nikatukana, Mathayo akanisikia, leo kanisani hakunitazama.

Nikiwa na ndoo ya tatu nikatazama chini, ingawa nilikatazwa.

Baba Pendo alikuwa ametoka mahali nilipomweka. Alikuwa amesimama chini yangu kabisa, ameinua mikono yote miwili. Mikono ya kunidaka. Machozi yanashuka na hayafuti, maana akiyafuta atashusha mkono.

Nilishuka. Mguu ulipogusa ardhi alinishika mabega, hakunivua hata kofia, akaniangalia kupitia chandarua.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Miaka ishirini na sita, Theodora, hukuwahi kuniambia huku chini kukoje."

Nilitaka kumjibu kwa maneno makali ninayoyajua. Mdomo ulikuwa umevimba, sikuweza. Nikamwegemea kifuani, upande wa pafu zima, kisha nikahamia upande ule mwingine nikasikiliza. Lilikuwa linafanya kazi.

Tulikula sega moja palepale, watu watatu, asali mpaka kwenye viwiko. Mathayo akasema kwa sauti, kama mbele ya mashahidi, kwamba mzinga wa mzee umerinwa na mkono wa nyumba ya Sostenes.

Leo ni Jumapili, siku ya kumpima. Akivuta, 36 na nusu. Nilipotaka kuandika akachukua tepu mkononi mwangu. "Simama na wewe," akasema. "Vuta pumzi." Nikavuta. Alizungusha tepu ovyo, hajui kupima, akasoma namba akiwa ameisogeza machoni. Kisha akaomba kalamu. Mwandiko unaofuata hapa chini si wangu.

*Jina: Theodora. Kifua: 40. Akivuta pumzi: 42. Kazi: mrina asali.*